KUUZA, KUHAMISHA, KUSAJILI: HISTORIA FUPI YA SOKO LA WACHEZAJI NA ISTILAHI ZAKE

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri na walimu hutuuliza mara kwa mara ni yale ya michezo ya kulipwa. Huenda mtu akadhani kwamba hayo ni maneno mepesi ya kurasa za nyuma za magazeti, yasiyostahili kuwashughulisha wale wanaosanifu istilahi za sheria, uchumi na sayansi. Sisi hatuoni hivyo. Mkataba wa mchezaji ni mkataba kama mikataba mingine: una pande mbili, una fedha, una muda, na una adhabu kwa atakayeuvunja. Kijana anayetia sahihi bila ya kuelewa maneno yake huenda akajifunga kwa miaka mingi, na mfasiri aliyemfasiria vibaya hawezi kusema kwamba hakuhusika.

Swali tunaloanza nalo ni hili. Gazeti linapoandika kwamba mchezaji fulani "ameuzwa", ni kitu gani hasa kilichouzwa? Kiswahili ni lugha ya mwambao ambako watu waliuzwa kweli, mchana, kwa bei iliyotangazwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kufuta hali ya utumwa mbele ya sheria ikatolewa mwaka 1897. Kwa hiyo kitenzi "kuuza", kinapotiwa mtu mbele yake, hakiwezi kuwa neno jepesi kwetu. Hata hivyo si haki kulilaumu gazeti kabla ya kujua mambo yenyewe yalivyokuwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi soko la wachezaji lilivyoanzishwa katika nchi mbili, Marekani na Uingereza, ambako kanuni zake zilitungwa kwanza, kisha kuona ni istilahi zipi za Kiswahili zinazolingana na historia hiyo.

Kifungu cha kumbakiza mchezaji

Ligi ya kwanza ya kudumu ya besiboli ya kulipwa nchini Marekani, yaani National League, iliundwa mwaka 1876. Baada ya muda mfupi tu wenye timu waliona kwamba wanaumizana wenyewe: kila mmoja aliwavuta wachezaji bora wa mwenziwe kwa kuwaahidi mshahara mkubwa zaidi, na mapato ya milangoni yakaishia mikononi mwa wachezaji. Mnamo mwezi wa Septemba 1879 walikutana katika mji wa Buffalo, wakapatana kwa siri kwamba kila timu itaje wachezaji watano ambao timu nyingine hazitawagusa. Baadaye idadi hiyo iliongezwa hadi ikakaribia kuwahusu wachezaji wote, na mapatano yenyewe yakaingizwa katika mikataba.

Kifungu hicho kilikuwa na ujanja uliofichika katika maneno machache. Kilisema kwamba mkataba ukimalizika na mchezaji akakataa kutia sahihi mwingine, timu itakuwa na haki ya kuuendeleza kwa mwaka mmoja zaidi kwa masharti yale yale. Wenye timu walifasiri kwamba, kwa kuwa kifungu chenyewe ni mojawapo ya masharti hayo, basi nacho kinaendelezwa pamoja na mkataba; na mwaka huo ukiisha, unazaa mwaka mwingine, na huo mwingine tena. Mchezaji alikuwa wa timu moja maisha yake yote ya mchezo, isipokuwa timu ikimwacha au ikimbadilisha kwa mchezaji mwingine. Yeye peke yake ndiye hakuwa na la kusema.

Wachezaji hawakunyamaza. Mwaka 1887 John Montgomery Ward, mchezaji aliyesomea sheria, alichapisha makala akiuliza kama mchezaji wa besiboli ni mali inayohamishika. Na mwaka 1890 yeye na wenziwe walianzisha ligi yao wenyewe. Ligi hiyo ilidumu msimu mmoja tu, kwa kukosa fedha.

Shauri lilipofika mahakamani, lililoamuliwa lilikuwa maana ya neno. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliulizwa iwapo ligi za besiboli zinavunja sheria ya kuzuia ukiritimba. Mahakama ilijibu kwamba maonyesho ya besiboli si biashara baina ya majimbo kwa maana ya sheria hiyo. Kwa hiyo sheria haiwahusu. Uamuzi huo uliungwa mkono tena mwaka 1953, ijapokuwa baada ya miaka michache tu mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba ngumi na mpira wa Kimarekani ni biashara. Besiboli ikabaki peke yake, mchezo ulioingiza mamilioni ya dola lakini ambao mbele ya sheria haukuhesabiwa kuwa biashara kama nyingine.

Mwezi wa Oktoba 1969 timu ya St. Louis ilimbadilisha Curt Flood, mchezaji wake wa miaka kumi na miwili, akatakiwa aende Philadelphia. Flood, Mmarekani Mweusi aliyekuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, alikataa. Alimwandikia mkuu wa besiboli barua akieleza kwamba baada ya miaka yote hiyo hajioni kuwa kitu cha kununuliwa na kuuzwa bila ya kuulizwa anataka nini. Walikuwapo waliomcheka, wakiuliza ni mtumwa gani anayelipwa fedha nyingi hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba wingi wa mshahara haubadilishi hali ya mtu asiyekuwa na hiari. Mwaka 1972 alishindwa mahakamani kwa kura tano dhidi ya tatu, na mchezo wake ulikuwa umekwisha.

Ukuta ulianguka miaka mitatu baadaye, na ulianguka kwa kusomwa maneno. Mwaka 1975 wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walicheza bila ya kutia sahihi mkataba mpya, kisha wakadai kwamba ule mwaka mmoja wa kuendelezwa umekwisha. Msuluhishi Peter Seitz alikisoma kifungu, na tarehe 23 Desemba 1975 akaamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Wenye timu walimfukuza kazi ya usuluhishi, lakini uamuzi ulibaki. Wastani wa mshahara wa mchezaji, uliokuwa dola 51,000 hivi mwaka 1976, ulizidi dola 140,000 ilipofika mwaka 1980.

Kubakiza na kuhamisha

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika mahali pale pale. Chama cha mpira kilihalalisha malipo kwa wachezaji mwaka 1885, na mwaka 1888 vilabu kumi na viwili vikaunda ligi. Miaka michache baadaye ukawekwa utaratibu wa usajili: hapana mchezaji aliyeruhusiwa kucheza ligi asiposajiliwa na klabu, na aliyesajiliwa na klabu moja hakuweza kusajiliwa na nyingine mpaka ile ya kwanza ikubali. Klabu ilikuwa na haki ya kumbakiza mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, au kumweka katika orodha ya watakaohamishwa kwa bei iliyoitaka yenyewe. Mwaka 1901 kikaongezwa kikomo cha mshahara, paundi 4 kwa juma.

Angalia jinsi mambo hayo mawili yalivyoshikana. Mwaka 1905 Middlesbrough ililipa paundi 1,000 kumpata Alf Common kutoka Sunderland, na watu wakashangaa. Lakini fedha hizo zililipwa na klabu kwa klabu. Mchezaji mwenyewe, ambaye miguu yake ndiyo iliyokuwa na thamani hiyo, hakuruhusiwa kupata mshahara uliozidi kikomo. Thamani ilikuwako na ilijulikana; ila haikumfikia mwenyewe.

Kikomo hicho kilipanda polepole hadi paundi 20 kwa juma, kikaondolewa mwezi wa Januari 1961 baada ya chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kutishia mgomo. Mara Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa paundi 100. Kulibaki utaratibu wa kubakiza na kuhamisha. Mwaka 1960 George Eastham alitaka kuondoka Newcastle. Klabu ilikataa, naye akaacha mpira, akaenda kufanya kazi ya kuuza gome la kuzibia chupa. Hatimaye aliruhusiwa kwenda Arsenal kwa paundi 47,500, lakini hakuiacha kesi yake. Mwaka 1963 Jaji Richard Wilberforce aliamua kwamba kubakiza na kuhamisha, vikiunganishwa pamoja, ni kizuizi kisicho cha haki juu ya uhuru wa mtu kufanya kazi yake. Msomaji atapenda kujua kwamba jaji huyo alikuwa wa uzao wa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa.

Hata hivyo ada ilibaki kulipwa kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Hilo liliondolewa barani Ulaya tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki iliyoko Luxembourg ilipoamua kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Kibelgiji ambaye klabu yake ya Liège ilimpa mkataba wa mshahara uliopunguzwa sana, kisha uhamisho wake kwenda Dunkerque ukakwama. Tangu hapo raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, akimaliza mkataba, huhamia nchi nyingine ya Umoja huo bila ya ada. Wala safari haijafika mwisho: tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Lassana Diarra, iliamua kwamba baadhi ya kanuni za FIFA juu ya mchezaji anayevunja mkataba zinapingana na sheria za Umoja wa Ulaya.

Hoja ya wenye timu

Ni haki tuwasikilize na upande wa pili, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mwenye duka hufurahi jirani yake anapofunga duka. Lakini klabu ikibaki peke yake haina cha kuuza. Bidhaa yake ni pambano, na pambano haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Mwanauchumi Walter Neale alilieleza jambo hili mwaka 1964: bingwa wa ngumi anahitaji mpinzani wa kiwango chake, la sivyo hapana atakayelipa kiingilio. Kwa hiyo, walisema wenye timu, wachezaji wakiachiwa huru, matajiri watawachukua wote wazuri, urari wa ushindani utavunjika, watazamaji watakimbia, na wote watafilisika pamoja.

Hoja hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa mwaka 1956 na mwanauchumi mwingine, Simon Rottenberg. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mchezaji mmoja ataingizia klabu ya mji mkubwa shilingi 100,000 na klabu ya mji mdogo shilingi 60,000. Akiwa huru, ataondoka mwenyewe kwenda mji mkubwa, kwa kuwa huko wanaweza kumlipa zaidi. Akiwa amefungwa na klabu ya mji mdogo, klabu hiyo itamuuza kwa mji mkubwa kwa bei iliyo kati ya 60,000 na 100,000, kwa kuwa hiyo ndiyo faida yake. Katika hali zote mbili anafika mahali pale pale. Kinachobadilika ni mfuko wa kupokea fedha tu.

Historia yenyewe inamshuhudia. Kati ya mwaka 1949 na 1964, kifungu cha kumbakiza mchezaji kikiwa na nguvu zake zote, timu ya New York Yankees ilichukua ubingwa wa American League mara 14 katika misimu 16. Kama kifungu kile kilikuwapo kwa ajili ya urari, basi urari haukuonekana.

Hatusemi kwamba urari hauna maana. Tunasema kwamba zipo njia za kuutafuta zisizomfunga mtu. Ligi ya mpira wa Kimarekani hugawa sawasawa fedha za mikataba yake ya kitaifa ya televisheni, desturi iliyopata kinga ya sheria mwaka 1961. Huko Uingereza klabu ngeni ilikuwa ikipata sehemu ya mapato ya mlangoni, hadi vilabu vikubwa vilipofanikiwa kuifuta kanuni hiyo mwaka 1983. Zipo pia njia zilizo katikati: uteuzi wa wachezaji wapya kwa zamu, timu ya mwisho ikianza kuchagua, uliotumika katika mpira wa Kimarekani tangu 1936, na kikomo cha mishahara ya timu nzima, kilichoanza katika mpira wa kikapu wa NBA msimu wa 1984/85. Kila mojawapo humwachia mchezaji hiari kwa kiasi tofauti, na mfasiri hana budi kujua kiasi hicho kabla ya kuchagua neno.

Istilahi

Kutokana na historia hiyo tunatoa maoni yafuatayo.

(a) "Usajili". Neno hili lina asili ya sijili, yaani daftari. Ndilo linalotaja kwa usahihi kitu kinachobadilika mikono: si mtu, bali haki ya kuliandika jina lake katika daftari la ligi. Katika mikataba tunashauri iandikwe "haki ya usajili imehamishwa", na fedha zinazolipwa ziitwe "ada ya uhamisho" badala ya "bei ya mchezaji".

(b) "Uhamisho". Watumishi wa serikali wanalijua neno hili kwa maana yao wenyewe: barua hufika, mtu akafunga mizigo, lakini mwajiri wake ni yule yule. Katika mpira mwajiri hubadilika. Kwa hiyo mfasiri atumie vinyambuo vya kitenzi kwa uangalifu. "Amehama" ni yule aliyeondoka kwa hiari yake mkataba ukiwa umekwisha. "Amehamishwa" ni yule ambaye vilabu viwili vimekubaliana juu yake. Tofauti ya maneno mawili hayo ndiyo tofauti ya Bosman kabla na baada ya 1995.

(c) "Kuuza". Hatuwezi kulifukuza neno hili midomoni mwa watu, wala si kazi yetu. Ila lina hatari ya pili: mashabiki husema pia kwamba mchezaji "ameuza mechi", yaani amekula hongo ili timu yake ifungwe. Katika hati rasmi neno lenye kuweza kumfanya mtu ama bidhaa ama msaliti halifai. Lakini tunawaomba walimu wa historia wasilikwepe: wanapoeleza zama za kifungu cha kumbakiza mchezaji, waseme wazi kwamba aliuzwa, kwa sababu hiari hakuwa nayo.

(d) "Mkopo". Mtu hukopa fedha, akarudisha fedha nyingine zenye thamani ile ile. Lakini huazima jembe, akarudisha jembe lile lile. Mchezaji anayekwenda klabu nyingine kwa msimu mmoja kisha akarudi ni yule yule. Kwa mantiki ya Kiswahili ameazimwa. Hata hivyo "kwa mkopo" limekwisha zoeleka, nasi hatupendekezi kulibadili. Inatosha mkataba ueleze nani atamlipa mshahara, na nani atamtibu akiumia.

(e) "Mchezaji huru". Tangu zamani kinyume cha huru katika lugha yetu ni mtumwa. Kumwita mmoja "huru" ni kukiri jambo juu ya wenziwe. Zaidi ya hayo neno lina maana mbili: Marekani humaanisha aliyetimiza idadi ya miaka iliyokubaliwa na chama cha wachezaji, ambayo kwa besiboli ni sita, kwingineko humaanisha asiye na mkataba tu. Kwa matumizi ya pili tunaona "mchezaji asiye na mkataba" ni refu lakini halina utata.

(f) "Ukiritimba". Neno hili hutumika siku hizi hata kwa mizunguko ya ofisini, na kwa hiyo limepungua makali. Ligi ni jambo la pekee: kwa mtazamaji ni muuzaji mmoja, na kwa mchezaji ni mnunuzi mmoja wa kazi yake. Kwa hali hii ya pili, ambayo vitabu vya uchumi huitenga kwa neno lake, tunapendekeza "uhodhi wa mnunuzi".

Hitimisho

Mambo haya si ya mbali. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akahamia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza. Wengine wamekwenda na watakwenda, na kila mmoja hukabidhiwa karatasi zilizoandikwa kwa lugha ya wengine. Huko Lubumbashi Kiswahili husemwa mitaani, lakini mkataba huandikwa kwa Kifaransa.

Tumeona kwamba katika historia nzima ya jambo hili watu walifungwa kwa maneno, na kwa maneno wakafunguliwa: biashara ni nini, mwaka mmoja ni miaka mingapi, kubakiza ni kufanya nini. Jaji, msuluhishi na mfasiri hufanya kazi moja kwa kiasi hicho. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maneno wanayoyasikia viwanjani na katika ofisi za vilabu, pamoja na maana zake halisi, ili orodha ya istilahi za michezo ya kulipwa itakapochapishwa imsaidie yule kijana kabla hajashika kalamu.